Beo ya Mzee Khoan

Mzee Khoan alianguka ukingoni mwa bwawa lake mwezi wa tano, jua likiwa la utosi, na kabla ya kumwinua watu waliangalia kwanza kama hakuiangukia beo. Ndivyo walivyo watu wa Van Lieu, na si kwa ubaya. Mtu akianguka ana wenzake wa kumnyanyua, lakini beo ikivurugwa wakati wa joto haina wa kuinyanyua. Walipoona bwawa limetulia walimbeba mzee mpaka kitandani kwake, wakampelekea bintiye habari huko Dong Cau alikoolewa.

Nhai aliingia jioni na mzegazega begani, upande mmoja furushi la nguo, upande wa pili bata wawili waliofungwa miguu, aliopewa na mama mkwe ili asije mikono mitupu. Alimkuta baba yake amelala chali. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa na mdomo ulikuwa umekwenda kombo. Maneno alikuwa nayo bado, ila yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye wali mdomoni.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Baba."

"Beo ikoje?"

Hakuuliza wajukuu wala mkwe. Nhai akatoka nyuma ya nyumba, akaangalia bwawa kwa mbali kama alivyofundishwa, akarudi kusema kwamba limetulia.

Asiyeijua beo angeipita bila kugeuka. Ni kijimmea kinachoelea juu ya maji, kimoja hakifiki ukucha wa kidole gumba, vijani vyake vimepangana kama magamba ya samaki. Lakini baridi ikianza, wakulima wa mkoa mzima wa Thai Binh walikuwa wakija Van Lieu na vikapu. Ukiitandaza beo katikati ya mpunga inazaana mpaka inafunika maji yote, halafu inakufa, inaozea pale pale chini, na mpunga unakolea ukijani bila mtu kubeba samadi hata kikapu kimoja. Kuitandaza kila mtu anajua. Kuivusha miezi ya joto, maji ya bwawa yanapokuwa kama ya kukogea mzazi, walijua watu wa Van Lieu peke yao. Kila mwaka mpya wanaume wao walikwenda kwenye hekalu la Bibi wa Beo, wakachinja jogoo, wakaapa kwamba siri haitatoka kijijini. Na siri hutoka na nani kama si mabinti? Binti leo yuko kwako, kesho amechukuliwa na kijiji kingine pamoja na yote aliyonayo kichwani. Kwa hiyo wake za watoto wa kiume walifundishwa, maana wao walikwisha kuja na hawana pa kwenda. Mabinti walifukuzwa.

Nhai alifukuzwa kwa fimbo ya mwanzi tangu alipojua kutembea. Baba yake alikuwa na desturi ya kuigonga ile fimbo ukutani mara mbili, ko ko, kabla ya kuitumia, na mtoto akisikia mlio huo tu miguu yake ilikuwa njiani. Kuhusu beo alijifunza jambo moja, nalo ni kutouliza.

Aliyefundishwa ni kaka yake, Tuat. Tuat alikwenda kusini kwenye mashamba ya mpira ya Wafaransa, akaweka dole gumba kwenye mkataba, na mkataba ukaisha, na Tuat hakurudi wala hakuleta salamu. Mama yao alikuwa ameshazikwa. Basi nyumba ya Khoan ilibaki na mzee nusu mzima, bwawa la mbegu, na binti aliyeolewa nje. Beo ikifika baridi ikiwa hai, nyumba ingeendelea kuwa nyumba. Ikifa, ingekwisha, kwa sababu nyumba nyingine hazigawi mbegu ila kwa mwenye mtoto wa kiume wa kuishika.

*

Siku ya pili Nhai alikuwa akimlisha baba yake uji wa mchele. Alisubiri ameze ndipo akasema.

"Baba, kama ni kubeba maji, bega ninalo. Kama ni kuokota wadudu, macho ninayo. Niambie tu nianze wapi."

"Tuat atakuja."

"Tuat yuko mbali, Baba."

"Atakuja. Yeye anajua."

"Na asipowahi?"

Mzee akatafuta pumzi. "Wewe," alisema, "lisha bata."

Nhai akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka pale ambapo mwingine angelia. "Haya. Angalau bata wamepata mganga wao."

Lakini usiku hakulala vizuri, na kulipokucha alikwenda mpaka ukingoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisimama pale akihisi mgongo unamwasha, kama fimbo iko nyuma yake. Pembezoni mwa bwawa beo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Hakujua wekundu huo ni ugonjwa au ni kawaida. Alirudi ndani akamwambia baba yake, "Imeanza kuwa nyekundu." Mzee alifumba macho. Midomo ilitetemeka kama inataka kutoa kitu, na Nhai akainama kusikiliza, lakini mzee alikuwa bado ana matumaini na mwanawe wa kiume, na matumaini yake yalikuwa na nguvu kuliko kiharusi. Akageuza uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata kiharusi kilirudi kuchukua kile kilichokisahau. Maneno yakaondoka yote. Kilichobaki ni macho, kumeza, na mkono wa kushoto ambao aliweza kuuinua kidogo tu na kuuangusha.

*

Mzee Bang alikuwa jirani na rafiki wa Khoan tangu utoto wao. Walichinja jogoo mmoja hekaluni. Nhai alipofika kwake, mkewe Bibi Bang aliweka chai na sahani ya tambuu, akakaa pembeni akipaka chokaa kwenye majani bila kuinua macho.

"Karibu, karibu, binti Khoan! Au tuseme mke wa Dong Cau?" Mzee Bang alichekelea. "Baba anaendeleaje?"

"Hasemi tena, Baba mkubwa."

"Maskini. Na alivyokuwa na domo! Mimi na yeye hekaluni, kuhani alikuwa anatukalisha mbalimbali."

"Baba mkubwa, beo yetu imekuwa nyekundu."

Mzee Bang akakichukua kiko chake cha mwanzi, akakivuta taratibu, maji yakalia ndani. Moshi ulimchukua muda mrefu kuumaliza.

"Jua la mwaka huu," alisema. "Jua la mwaka huu kuku wanataga mayai yameshaiva."

"Ndiyo. Sasa mtu akiona wekundu anafanyaje?"

"Huko kwenu mpunga mmeshauhamisha?"

"Bado. Anafanyaje, Baba mkubwa?"

"Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Nhai akanywa. Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Sitaki unifundishe," alisema. "Njoo wewe mwenyewe uifanyie. Mimi nitakaa ndani na Baba, nitafunika hata dirisha. Ukitaka nifunge kitambaa machoni."

Hapo mzee alikiweka kiko chini, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa la haki na hakuwa amelitegemea. Bibi Bang naye aliacha kupaka chokaa.

"Na beo yangu nani ataiangalia?" Mzee Bang alisema hatimaye, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Joto hili silali mimi. Kila mtu na bwawa lake. Na nikianza kuja kwenu, leo nitafanya, kesho nitachoka, kesho kutwa nitasema Nhai nishikie hiki. Ndivyo siri inavyotoka. Sina ubaya na wewe. Nimekubeba mgongoni wewe ukiwa mtoto. Lakini binti ni mtoto wa watu, hata baba yako angekwambia hivyo."

"Ameshaniambia."

"Umeona?"

Alimfungia popoo tatu kwenye jani ampelekee mgonjwa, mgonjwa ambaye hawezi kutafuna. Nhai alishukuru, akainama, akatoka. Njia yake ilipita kando ya bwawa la Bang, na kabla hajalifikia alimwona mzee akitangulia mbio mbio, kama mtu aliyekumbuka jambo, akiteremsha mkeka juu ya pengo la uzio. Nhai akapita akitazama chini, ili mzee asipate taabu ya kumwangalia kama anaangalia.

*

Sasa mtu aliyenyimwa anachotaka kujua hufanya kwa kile anachokijua, na Nhai alijua mpunga. Dong Cau ilikuwa kijiji cha wakulima haswa, na wakulima haswa hawatupi kitu kilichopita tumboni. Mwanamume wa Dong Cau akibanwa na haja akiwa sokoni huvumilia mpaka afike kwake, asije akatajirisha shamba la mtu. Kilichotoka shambani kinakuja mezani, kilichotoka mezani kinarudi shambani, na mzunguko huo ndio uliomlisha babu na babu yake babu. Mche ukigeuka rangi, ukawa wa manjano au mwekundu, huko hakuna mjadala: una njaa, ulishe.

Na mbolea ilikuwepo. Baba yake alikuwa akienda haja pale pale kitandani, kwenye chungu, na Nhai alikuwa akimsafisha asubuhi na jioni. Akachanganya na maji kwenye ndoo ya mbao, akakoroga kwa kijiti, akaichukua.

Kutoka jikoni kwenda bwawani ilibidi kupita chini ya dirisha la mzee. Nhai alikuwa amekifungua kibao cha dirisha ili baba yake aione beo, akidhani atafarijika. Alipopita na ndoo, akasikia nyuma yake, kwenye ukuta wa mianzi: ko, ko.

Miguu ilisimama yenyewe. Aligeuka akaona mkono wa kushoto wa baba yake ukianguka ukutani, ukiinuka kwa shida, ukianguka tena. Macho yake yalikuwa yamemtoka. Nhai alihisi amerudi kuwa na umri wa miaka sita, na kwa mara ya kwanza tangu afike alipandwa na hasira.

"Gonga tu, Baba," alisema. "Najua. Binti hasogelei bwawa. Lakini fimbo yenyewe iko wapi, na wa kuishika yuko wapi? Leo nitaingia."

Akaingia. Akamimina ndoo polepole, pembeni kote, kama anavyotilia miche. Nyuma yake ukuta uligonga mpaka mkono ulipochoka.

*

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi ndoo, ko ko ukutani. Jioni ndoo, ko ko ukutani. Nhai alizoea mlio ule kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Wakati mwingine aliitikia, "Ndiyo, Baba, ninakwenda kuivunja sheria, nitarudi sasa hivi," na akirudi alimpangusa jasho, akamgeuza ubavu, akampaka mafuta mgongoni alikoanza kuchubuka. Hakuwahi kumfanyia ukali zaidi ya ule wa siku ya kwanza.

Halafu maji yakabadilika. Pale palipokuwa pekundu pakaanza kuwa kijani, kijani kibichi kinachong'aa, kikisambaa siku hadi siku kati ya beo na beo. Nhai aliinama ukingoni asiamini. Aliona kijani, na kwa mkulima kijani ni jibu. Hakukitia mkono kujua kwamba kilikuwa utelezi, uchafu wa maji uliovimba kwa shibe, unaoziba pumzi ya kila kilicho karibu yake.

Alikimbia ndani, magoti yana matope. "Baba! Imekuwa kijani! Imekubali!"

Machozi yalimtoka mzee, yakateremka kwenye masikio yake yote mawili kwa kuwa alikuwa amelala chali. Nhai naye akalia, akayafuta ya baba kwanza kisha yake. Alidhani ni furaha. Siku hiyo alichinja bata mmoja, akatengeneza uji mzito wenye mchuzi wa bata, akamletea baba yake kijiko cha kwanza.

Mzee akafunga mdomo.

"Ni wa bata, Baba. Na mchuzi wa samaki kidogo, unavyoupenda."

Meno yalikuwa yamebana. Kijiko kikagonga meno, uji ukamwagika kidevuni. Nhai akangoja, akajaribu tena, akaimba hata kawimbo ka kulishia watoto. Jioni ikawa vile vile. Kesho yake alikubali maji, lakini chakula hakukubali.

*

Hapo ndipo mumewe, Huu, alipokuja kuwaona. Alitembea tangu alfajiri, mzegazega umempinda, na aliposhusha mzigo mlangoni Nhai aliona amebeba ndoo mbili zilizofunikwa kwa majani ya ndizi. Harufu ilikuwa imetangulia kufika.

"Nilipata salamu zako kwamba unailisha beo," Huu alisema, akijifuta jasho kwa kofia ya majani. "Nikasema mtu mmoja mgonjwa atatoa nini? Hii ya nyumbani, imekaa tangu mwaka mpya. Ya Mama, yangu, ya watoto, wote tumo."

"Na mpunga wenu? Si ndiyo mnahamisha sasa?"

"Mpunga utavumilia. Mama amenuna, lakini ametoa."

Nhai alimtazama yule mume mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye hakuwahi kumnunulia hata kitambaa, na alijua kwamba hajapata kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Wakaenda pamoja bwawani. Huu alimimina kwa ustadi, hakupoteza tone. Dirishani mzee aligonga, akagonga, na safari hii alitoa na sauti, mlio mrefu usio na neno ndani yake.

"Anasemaje?" Huu aliuliza.

"Hataki binti aguse beo."

"Mimi si binti."

"Wewe ni mbaya zaidi, wewe ndiye uliyemchukua binti."

Wakacheka kidogo, kwa kujiiba. Kabla ya kuondoka Huu alipiga goti kando ya kitanda, akamwambia baba mkwe kwa heshima asiwe na wasiwasi, wao wapo, beo haitalala njaa. Mzee alimtazama tu. Tangu hapo hakugonga tena.

*

Bibi Bang alikuja mchana mmoja na bakuli la uji wa maharage, kwa sababu kijijini ilikuwa imeshajulikana kwamba Khoan hali. Wengine walisema anamlilia Tuat. Wengine walisema amekasirika kulishwa na mkono ulioingia bwawani. Nhai alikuwa amesikia yote mawili, la pili kwa sauti kubwa zaidi.

Bibi Bang alipita upande wa nyuma, na alipofika chini ya dirisha alisimama ghafula. Ndoo ilikuwa pale. Aliangalia ndoo, akaangalia kijani cha bwawa kilivyong'aa, akamwangalia Khoan dirishani, naye Khoan akamwangalia. Mama huyo alikuwa ameletwa Van Lieu akiwa na miaka kumi na sita na kufundishwa na mkwe wake. Alijua kila kitu. Mkono wake ulikwenda mdomoni ukabaki huko.

"Karibu ndani, Mama mkubwa," Nhai alisema.

"Hapana, sikai." Alimpa bakuli. Aligeuka kuondoka, akarudi, akasimama tena. Midomo yake, myekundu kwa tambuu, ilifunguka ikafunga. "Mwanangu," alisema mwishowe. "Hiyo ndoo. Ifunike. Inanuka."

Akaenda zake haraka kuliko umri wake.

Nhai alibaki na bakuli mkononi, uso unamwaka. Dong Cau waliitwa watu wa mavi na vijiji vyote vya jirani, alikwisha kuyasikia hayo sokoni na kwenye arusi, lakini si kutoka kwa mwanamke aliyemsuka nywele utotoni. Alikwenda mtoni, akaisugua ndoo kwa mchanga mpaka mbao zikawa nyeupe. Akaifumia kifuniko cha majani. Tangu siku hiyo akawa anaimwaga alfajiri, kabla watu hawajaamka, ili asimkere mtu kwa harufu.

*

Mwezi wa saba haujaisha, beo ilikufa. Haikufa kidogo kidogo. Viwavi walitokea kwanza, weusi, wengi, wamejikunja ndani ya vijani, na Nhai akashinda majini akiwaokota mpaka vidole vikajikunja. Kisha ile beo yenyewe ikaachia, ikageuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, ikazama. Bwawa lilinuka nyumba nzima. Nhai alitafuta kwa mikono kuanzia upande mmoja hadi wa pili, akitenganisha utelezi, akitafuta hata kimoja kilicho hai. Aliviweka kwenye bakuli alivyodhani viko hai. Jioni navyo vilikuwa vimezama.

Bibi Bang alimkuta ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji. Safari hii alikaa chini karibu yake.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

Bibi kizee akatema tambuu pembeni. "Basi sasa naweza kukwambia, maana huna tena pa kuitumia. Beo hailishwi, mwanangu. Haitaki mavi, haitaki samadi. Majivu kidogo ya jikoni, kivuli cha mwanzi jua likiwa kali, na kuipunguza isibanane. Basi. Chakula chake inakula hewa. Ukiipa mavi unawalisha adui zake."

Leo mtoto wa shule anaweza kueleza jambo hilo: kwamba ndani ya kijani cha beo mna kidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoshika naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula, beo ikafa ikauachia mpunga chakula hicho, mpunga ukatupa sisi, nasi tukairudishia ardhi. Mlango mmoja wa mzunguko huo Nhai aliujua kuliko mtu yeyote Van Lieu. Wa pili alifungiwa tangu utoto.

"Siku ile ulikuja ukaona," Nhai alisema. Hakuinua sauti. "Wakati ule bado ilikuwa hai. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ufunike ndoo."

Nhai akamgeukia. Mama yule alikuwa akilia, tambuu na machozi vimechanganyika kidevuni.

"Nina watoto wa kiume watatu Van Lieu," alisema. "Ningekwambia nini zaidi?"

*

Nhai aliosha mikono, akawasha moto, akapika uji. Hakuupika kwa matumaini. Alikuwa tu hajui kitu kingine cha kufanya jioni. Baba yake alikuwa amebaki mifupa, ngozi ya mashavu imeingia ndani, na kwa siku nyingi kilichopita kwenye meno yale ni maji na machozi. Aliketi kando ya kitanda, bakuli magotini. Dirisha lilikuwa wazi, na harufu ya bwawa iliingia.

"Baba," alisema. "Beo imekufa. Yote. Sikubakiza hata kimoja." Alingoja ukuta ugongwe, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala. "Ni mimi niliyeiua. Ndoo nimeiweka kando. Hakuna tena kitu cha kumwagiwa kule."

Mzee alimtazama. Hakulia, wala macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshikilia kamba siku nyingi, akaambiwa mzigo umeshaanguka, aiachie.

Kisha akafungua mdomo.

Nhai hakuelewa mara moja. Alipeleka kijiko kwa mazoea tu, na meno yakakipisha, uji ukaingia, koo likapanda na kushuka. Mdomo ukafunguka tena. Akampa cha pili. Kwenye cha tatu mkono wake ulisimama njiani, kwa sababu ndipo lilipomfikia. Baba yake alifunga mdomo siku ile ile alipoambiwa imekuwa kijani. Kugonga kulikuwa kumeshindwa. Sauti hakuwa nayo. Kilichokuwa kikienda bwawani kila siku kilitoka kwake mwenyewe, kwenye tumbo lake, na tumbo ndilo kitu pekee alichokuwa bado anaweza kukifunga. Alikuwa akijaribu kuinyima ndoo.

"Baba," alisema.

Mzee alikuwa na njaa. Macho yalikuwa kwenye kijiko. Nhai akakijaza, akamlisha, akakijaza tena, uso wake ameugeuzia dirishani, na alipokwangua bakuli mpaka likaisha aligeuka akamkuta bado ameachama, anasubiri.